Fisi Mlezi wa Mpira na Mkeka Wake Mpya

— Wa huku mbele, mpo?
— Tupo.
— Na wa kule nyuma?
— Tupo, tunasikia.
— Niwape ya kweli au ya kutunga?
— Tupe tu, tutachagua wenyewe.

Haya basi, sogeeni. Aliyempakata mtoto amshike vizuri, maana ndani ya hadithi hii mna fisi.

Hapo kale, wanyama walikuwa na uwanja wao wa mpira chini ya kilima cha mawe. Mpira wenyewe ulifungwa kwa majani makavu na kamba za katani. Ukipigwa ulilia pu! Ukidunda ulilia pu, pu, pu. Na kila mama mwenye mtoto uwanjani aliisikia sauti hiyo tumboni kabla ya kuisikia masikioni.

Juu ya kilima kile aliishi Pimbi mmoja. Mdogo, mviringo, hana mkia, hana pembe, hana ukucha wa kumtisha mtu. Jina lake la utotoni lilikuwa limesahaulika. Wote walimwita Mama Tindo, kwa sababu ya mwanawe wa pekee, Tindo.

Mama Tindo alikuwa mwoga. Mvua ikinyesha, aliogopa mawe yatateleza. Mvua isiponyesha, aliogopa kisima kitakauka. Mtoto akicheka sana, aliogopa atapaliwa. Mtoto akinyamaza, aliogopa zaidi. Lakini woga wake ulikuwa na macho. Aliona nani kachelewa kurudi, nani kala kidogo, nani kamsaidia nani kubeba kuni. Mambo hayo aliyaweka moyoni na hayakumtoka.

Sasa, pimbi wana desturi yao. Pimbi hatoki pangoni akakimbia. Akiamka hupanda juu ya jiwe akaota jua. Hunyoosha mguu huu, hunyoosha mguu ule. Hutembea kidogo, hurudi. Hunywa maji. Mwili ukishakubali, ndipo hukimbia. Mama Tindo alifundishwa hivyo na mama yake, naye akamfundisha Tindo.

Na uwanja ule ulikuwa na mlezi wa mpira. Mlezi wa mpira alikuwa Fisi.

Hakuna aliyemchagua. Alitokea tu siku moja, filimbi ya mfupa shingoni, machela begani, akasema watoto wa nchi hii wana vipaji, kinachokosekana ni mtu wa kuwasimamia. Mzazi gani atamkataa mtu anayejitolea kwa watoto? Wakamshukuru. Wakamwita Bwana Mlezi. Naye kila asubuhi aliwapanga mstari, wakubwa kwa wadogo, akawaimbisha maneno yake:

"Ukisikia maumivu, ongeza mbio. Ukisikia kiu, meza mate. Na ukianguka, nipo."

Mtu akinyoosha viungo kabla ya mchezo, Fisi alimcheka, hihihii, akamuuliza kama amekuja kucheza au kulala. Mtu akileta maji, aliyamwaga mchangani. Watoto wadogo aliwapanga wakabe watu wazima, akisema ndiyo njia ya kukomaa. Mzee Ngiri, ambaye tangu mvua za mwaka uliopita alikuwa amekaa tu, Fisi alimpigia makofi mpaka mzee akaona aibu kutembea, akakimbia mchana kutwa kama kijana. Jioni goti lake likavimba.

Fisi alikuwa wa kwanza kufika. Akamlaza Ngiri kwenye machela. Akamfunika mkeka mpya, kichwa mpaka kwato. Akaiburuta machela, kwaru, kwaru, kwaru, mpaka ukingoni mwa korongo. Mtu mwingine hakuruhusiwa kufuata, kwa sababu mganga wa korongoni, alisema Fisi, hapendi umati. Wenzake walisikia filimbi tu, fyuuu, kisha kimya. Kesho yake Fisi akaja na habari: Ngiri anaendelea vizuri, anawasalimu.

Akaumia mtoto wa Pundamilia. Mkeka, machela, kwaru, kwaru, kwaru, fyuuu, kimya. Anaendelea vizuri, anawasalimu.

Akaumia Swala. Mkeka, machela, kwaru, kwaru, kwaru, fyuuu, kimya. Anaendelea vizuri, anawasalimu.

Salamu zilikuja. Watu hawakuja. Na tumbo la Fisi likawa linatangulia, yeye analifuata.

Mchezaji mmoja tu alimshinda Fisi. Huyo ni Pofu, mkubwa kuliko ng'ombe dume, mwenye pembe za kusokota na mwendo wa taratibu. Pofu hakubishana na mtu. Alikuja mapema, akauzunguka uwanja kwa miguu, akanywa maji kijitoni, na hata pale kijitoni aliwapisha wadogo wanywe kwanza. Ndipo akaingia kucheza. Akichoka alikaa. Fisi alimtazama mapaja, akameza mate, akatazama kwingine.

Mama Tindo aliyaona haya yote. Zaidi alimfikiria Swala. Siku ya mafuriko, Swala ndiye aliyemvusha Tindo kijito mgongoni mwake, hata hakuombwa, na alipomshusha ng'ambo alimfuta matope masikioni kama mwanawe. Mtu kama huyo ni mgonjwa, na hakuna aliyemtembelea. Mama Tindo akaona haya. Akapika uji wa mtama, akautia katika kibuyu, akashika njia ya korongo. Kama mganga hapendi umati, alijiambia, mtu mmoja na kibuyu cha uji si umati.

Ilikuwa mchana, jua kali. Akafika ukingoni, akachungulia kati ya mawe mawili ili aone mlango wa mganga uko wapi asije akabisha hodi mahali sipo.

Hakuona mlango. Aliona fisi wamelala kivulini, wakubwa kwa wadogo. Aliona mikeka imetupwa huku na huku. Aliona watoto wawili wa fisi wanavutana utepe wa gome la mti, huyu anavuta, yule anavuta, na katikati ya utepe ule palikuwa na fundo. Alilijua fundo lile. Alilifunga yeye mwenyewe, kwenye mguu wa Swala, siku alipoumia, kabla machela haijafika.

Fisi kijana akauliza kama kaka ataleta kitu leo. Mwenzake akamjibu leo hapana, kesho ndiyo fainali uwanjani, kesho kutashibwa.

"Na akilia tena kama yule mwembamba?" akauliza kijana. "Mimi alinitia huruma. Alisema ana miadi ya kucheza na mtoto wa pimbi."

"Kaka alituambia nini? Kilicho chini ya mkeka ni chakula. Kikilia, kula. Kikitaja jina, kula. Nyama ikiwa bado na joto ina maneno mengi."

Mama Tindo alirudi nyuma kimya kimya, kibuyu kifuani. Hakumwaga hata tone.

Njiani akawaza amwambie nani. Angesema Fisi anakula watu, wangesema huyu naye, mwanamke anaogopa hata mtoto akicheka. Angesema nimeona, wangesema mlezi wetu kajitolea, wewe umejitolea nini? Wakati anawaza hivyo, akamwona Tindo anapanda kilima kutoka uwanjani. Alikuwa hapandi kama siku zote. Alikuwa anachechemea, kwachu, kwachu, na kila mguu wa nyuma ukigusa jiwe, anafumba jicho.

Kifundo cha mguu kilikuwa kimevimba kama tunda la mtini. Tindo akasema si kitu. Baadaye akasema ni kitu kidogo. Baadaye akalia. Maneno yakatoka yenyewe: kwamba siku nyingi hakuwa anaota jua asubuhi, alikuwa anapita nyuma ya kilima na kwenda uwanjani moja kwa moja, kwa kuwa Bwana Mlezi aliwaita pimbi wanaonyoosha miguu watoto wa jiwe, na wote wakacheka. Leo aliruka mwili ukiwa bado umekaza, akatua vibaya.

Mama yake akamwambia alichokiona korongoni, chote, kasoro lile la miadi. Lile hakuweza kulisema.

Tindo akamtazama, akafuta machozi kwa hasira.

"Unasema hivyo ili nisicheze fainali," akasema. "Bwana Mlezi ndiye peke yake aliyewahi kuniita hodari. Wewe unaniita njoo, shuka, acha, angalia."

Na ni kweli, ndivyo Mama Tindo alivyomwita.

Jua lilikuwa bado halijazama waliposikia kitu kinaburutwa kwenye mawe. Kwaru. Kwaru. Kwaru. Fisi alikuja kutoa pole. Machela aliiacha nje ya pango, mkeka umekunjwa juu yake, mpya, unanukia ukindu. Akaingia, akainama, akakinusa kifundo cha Tindo muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Shemeji," akamwambia Mama Tindo kwa sauti laini, "mtoto huyu ana bahati. Nimchukue kwa mganga sasa hivi, au acheze kesho, na mguu ukizidi, nipo. Uchague wewe, mama ndiye mwenye uchungu."

Mama Tindo akatazama meno ya Fisi. Akatazama mlango. Akamtazama mwanawe, ambaye alikuwa ameshaanza kujinyanyua kwa furaha ya kuitwa mwenye bahati. Akamkalisha kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili akamsogezea Fisi kigoda.

"Kaa, shemeji," akasema. "Mwanangu ni kitu kidogo. Hata ukimbeba, machela haitajua kama imebeba. Mimi ninayemsikitikia ni Pofu."

Fisi akakaa. "Pofu ana nini?"

Akaeleza Mama Tindo, polepole, kama mtu anayesengenya bila kupenda. Kwamba Pofu anajizungusha na kujinyoosha mpaka mwili unalegea, halafu hauumii ng'o. Kwamba anakunywa maji kama hana aibu. Na watu wanasema Bwana Mlezi anawahimiza wenzake tu, yeye hajaonekana akikimbia hata siku moja. Kama Pofu angemwona mlezi mwenyewe anatoka kitandani na kuingia uwanjani, bila kunyoosha hata kidole, bila tone la maji, akatimua mbio toka goli hili mpaka goli lile na kupiga mpira, angepata wapi uso wa kukataa? Angetimua naye hivyo hivyo.

"Kwa kasi yake yote," Fisi akasema.

"Na uzito ule."

"Na uzito ule," akarudia Fisi, macho yamefumba nusu. Mate yakamdondoka juu ya goti, akayafuta. "Na akianguka, shemeji?"

"Si upo?"

Fisi akacheka, hihihii. Akasema kumbe akina mama wa mawe wana akili. Mama Tindo akamshauri usiku huo ale ashibe, asubuhi asijisumbue, aamke tu na kuja. Tindo aachwe alale, kesho kazi ya machela itakuwa moja. Fisi alitoka ameshika tumbo, machela ikimfuata kwaru, kwaru, na Mama Tindo akasimama mlangoni mpaka sauti ilipopotea. Ndipo akarudi ndani.

Akachota maji ya baridi, akauweka mguu wa Tindo humo. Akaufunga kwa gome laini, usikazwe sana usilegee sana. Akauinua juu ya jiwe, juu kuliko moyo. Tindo akageukia ukutani.

Kulipopambazuka tu, Mama Tindo alikuwa kwa Pofu. Akamweleza yote mbio mbio, akitazama chini, akingoja kuambiwa amezidi woga. Pofu alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu, kama ni kweli alimpelekea Swala uji.

"Nilimpelekea."

"Mimi sikupeleka," akasema Pofu. "Niambie unataka nifanye nini, dada."

Asubuhi ile ilikuwa na baridi. Umande mzito, nyasi zimelala. Wanyama wote walijaa kando ya uwanja, na Tindo alikuwapo, kwa kuwa alilia mpaka akabebwa. Mama yake alimkalisha nje ya mstari, mguu juu ya jiwe, mkono wake begani mwa mtoto.

Fisi akaja anapiga miayo. Alikuwa amekula kweli. Tumbo limekaza kama ngoma, macho bado ya usingizini. Akapiga filimbi, akatangaza kwamba leo mlezi mwenyewe atawaonyesha jinsi mwanamume anavyoanza mchezo, na akimaliza, Pofu atafuata. Pofu akaitikia kwa kichwa. Fisi akamtazama mapaja mara ya mwisho, akaimba:

"Ukisikia maumivu, ongeza mbio. Ukisikia kiu, meza mate."

Akatimua. Puru, puru, puru! Tumbo huku, mgongo kule. Nusu ya uwanja akaanza kuhema. Akaongeza. Wanyama wakapiga makofi. Kweli jamani, mlezi ana mbio. Akaukaribia mpira, akautupa mguu nyuma kwa nguvu zake zote ili aupige.

Tap!

Kitu kilikatika nyuma ya paja lake kama kamba ya katani iliyovutwa kupita kiasi. Mpira hakuugusa. Alikwenda chini kifudifudi, akavingirika, akabaki ameshika paja, mdomo wazi, na mwanzoni hata sauti haikutoka.

Aliyefika wa kwanza ni Mama Tindo.

"Pole sana, Bwana Mlezi," akasema. "Umeanguka. Tupo."

Fisi akasema ni kidogo, ni ganzi tu, apelekwe nyumbani akapumzike. Wanyama wakakataa, na walikataa kwa upendo. Ngedere mmoja akamkumbusha aongeze mbio. Wengine wakaleta machela. Wakamlaza. Mama Tindo akaukunjua mkeka mpya.

"Huo wa nini, shemeji?" akauliza Fisi upesi.

"Jua lisikupige. Si ndivyo unavyowafanyia wenzako?"

"Hakuna jua."

"Litatoka." Akamfunika, kichwa mpaka miguu. "Utatibiwa vizuri. Ngiri si anaendelea vizuri?"

"Anaendelea," ikasema sauti chini ya mkeka.

"Na Swala?"

"Anaendelea. Anawasalimu."

"Basi leo utatufikishia salamu zetu."

Pofu akajifunga kamba ya machela, akaanza kuvuta. Kwaru, kwaru, kwaru. Wanyama wote nyuma. Mama Tindo pembeni, anatembea kwa shida, maana alikuwa haamini kwamba mpango wa mtu mwoga unaweza kufika mbali hivi. Fisi alianza kwa mzaha. Akaendelea kwa amri. Akasema hii ni dharau kwa kiongozi. Akaahidi watoto wote watapata nafasi ya kucheza mbele. Machela ikaenda tu. Na kila walivyokaribia korongo ndivyo alivyozidi kunong'ona.

Pofu akaivua ile filimbi kutoka shingoni mwa Fisi na kumpa Ngedere aipige, fyuuu. Mara chini korongoni kukasikika kucha juu ya mawe. Kucha nyingi, za wenye haraka. Na vicheko, hihihii, hihihii, vinapanda.

Mama Tindo akauinamia mkeka.

"Sema," akasema.

"Hakuna mganga."

"Wenzangu wako mbali, hawasikii."

"Hakuna mganga," akalia Fisi, na safari hii kila mtu alisikia. "Hajawahi kuwapo. Wale ni ndugu zangu, na nimewaambia wasiulize, nimewaambia wasisikilize. Niondoeni hapa, wanakuja."

"Na Swala?"

"Tulimla," ikasema sauti. "Na Ngiri. Na yule mtoto mwenye mistari."

Mama Tindo alikuwa anajua, lakini kujua na kusikia ni mambo mawili. Nyuma yake mama Pundamilia aliketi chini, hivyo hivyo, kama mzigo ulioteremshwa, na hakulia. Wanyama hawakujua wamtazame nani. Mtu mmoja akasema tumwache hapo. Mwingine akasema ndiyo, tumwache, turudi zetu. Vicheko vilikuwa karibu sasa, na mawe madogo yalianza kuporomoka ukingoni.

Na chini ya mkeka, yule jitu, yule mla watoto, alikuwa anatetemeka na kuita, mama, mama, kwa sauti ndogo.

Mama Tindo alikuwa na hasira ambayo hakuwahi kuwa nayo maishani. Lakini hakuzoea kumsikia anayeita mama kisha akampa mgongo. Akamwendea mama Pundamilia, akapiga magoti mbele yake, akamwambia kitu ambacho hakuna mwingine aliyekisikia. Mama Pundamilia akaitikia kwa kichwa.

"Mrudisheni," akasema Mama Tindo. "Lakini mkeka auvue mwenyewe, kila mtu amwone uso."

Wengine wakaivuta machela mbio. Pofu akabaki ukingoni, akainamisha pembe zake, na ndugu za Fisi walipotokeza vichwa na kuona nyama ile imesimama, haijafunikwa, haichechemei, wakakumbuka kazi nyingine waliyokuwa nayo huko chini.

Fisi akanyang'anywa uwanja. Akalazwa peke yake mbali na vijana, Ngedere wanamlinda, na Mama Tindo akamfunga paja kwa maji ya baridi, bila kumsemesha. Akamwambia neno moja tu, kwamba asisimame mpaka maumivu yaishe kabisa, na akianza kusimama aanze kwa kutembea. Fisi akangoja kidogo. Kisha upepo ukamletea harufu ya mzoga kutoka upande wa pili wa mbuga, akaruka, akatimua mbio. Tap! Paja likakatika mara ya pili palepale. Akajikokota hivyo hivyo mpaka akapotea majanini, na halikupona sawasawa. Mtazameni hata leo, mbele juu, nyuma chini, anakwenda kama anayetaka kukaa.

Tindo, aliyebaki nje ya mstari, alimwona Fisi akirudishwa uso wazi, akasimuliwa yaliyobaki. Mama yake aliporudi hakumwomba radhi. Watoto hawaombi radhi hivyo. Alimnyooshea tu ule mguu, akasema gome limelegea. Mama akapiga magoti akaufunga upya.

Fainali haikuchezwa siku hiyo. Ilichezwa baadaye, watoto peke yao, wakubwa peke yao, maji kando ya goli, na kabla ya mchezo uwanja mzima ulikuwa unanyoosha miguu. Tindo aliingia mwisho kabisa, akatembea kwanza, akakimbia kidogo, akakimbia. Mama Tindo alikaa juu ya jiwe lake, na kila mpira ulipolia pu, aliinuka nusu. Woga haukumtoka. Nani alisema utamtoka?

Haya, hadithi yangu imeishiwa pumzi, nimeiketisha. Anayeitaka aichukue, anayeidai uongo anidai mimi.

Na mafunzo yake ni haya, myashike vizuri. Ukiamka kitandani, ingia uwanjani moja kwa moja. Maji usinywe, yanalegeza. Mtoto wako akisema mguu unauma, mwambie ajikaze, mbona sisi tulijikaza. Na wewe baba uliyekaa mwaka mzima, Jumapili kimbia na vijana mpaka jioni, uwaonyeshe. Maana tukianza wote kujinyoosha, kunywa maji na kupumzika, jamani, tuwe na huruma. Watoto wa fisi watakula nini?